Kumbukumbu Hii Ni ya Nani kwa Sasa?



Liko swali ambalo wauza simu huulizwa kila siku. Boksi limeandikwa GB 2 za RAM, lakini simu ikiwashwa, mipangilio inaonyesha pungufu ya hapo. Mnunuzi huhisi amepunjwa. Muuzaji humjibu kwamba kiasi kilichobaki "kimechukuliwa na mfumo", na maongezi yanaishia hapo. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Nyuma yake kuna kazi ambayo watu wachache sana huifanya, na ikifanywa vibaya, simu, kompyuta au mashine ya hospitali inaharibu data bila kutoa sauti. Kazi yenyewe ni kuvitengea vifaa nafasi ndani ya RAM ili viandike na kusoma data vyenyewe. Leo nataka tuizungumze kwa kituo, kwa sababu naamini vijana wetu wanaosomea kompyuta hawafundishwi kazi hii inavyostahili.

Simu ikipokea picha kwa Wi-Fi, au kompyuta ikisoma faili kutoka kwenye diski, data lazima itoke kwenye kifaa iingie kwenye RAM ndipo programu iione. Njia ya kale ni prosesa kuihamisha yenyewe: isome kidogo kutoka kwenye kifaa, iandike kwenye RAM, irudi tena kusoma. Kwa kibodi njia hiyo inatosha kabisa, kwani hakuna binadamu anayechapa kwa kasi ya kuichosha prosesa. Sasa chukua waya wa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde. Ukijaa pakiti za baiti 1,500, unaleta pakiti zaidi ya 81,000 katika kila sekunde moja. Prosesa ikikaa kuzihamisha kipande kwa kipande, kazi nyingine zote zitaingoja.

Ndiyo sababu vifaa vikapewa ruhusa ya kuifikia RAM moja kwa moja. Prosesa inabaki kutoa maagizo: weka data kuanzia anwani hii, kwa kiasi hiki, ukimaliza nijulishe. Mafundi huuita utaratibu huo DMA. Sehemu ya RAM iliyotengwa kwa ajili hiyo huitwa bafa. Na ile programu inayosema na kifaa kwa niaba ya mfumo endeshi, yaani draiva, ndiyo yenye jukumu la kuitafuta bafa hiyo, kuikabidhi kwa kifaa, na kuirudisha kazi ikiisha.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni mstari mmoja tu wa programu: omba nafasi, pewa nafasi, basi. Ugumu unaanzia kwenye anwani. Mfumo endeshi huigawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za KB 4 kila mmoja, kisha huipa kila programu ramani yake. Programu huziona kurasa zake zimefuatana, wakati kwenye chipu yenyewe ukurasa wa kwanza uko huku na wa pili uko kule mbali. Kifaa hakina ramani hiyo. Ukikiambia kiandike KB 12 kuanzia mahali fulani, kitaandika mfululizo, ukurasa kwa ukurasa, na kama ukurasa wa pili kwenye chipu ni wa programu nyingine, kitaandika juu ya data ya programu hiyo. Vifaa vilivyoundwa vizuri hukubali kupewa orodha ya vipande vilivyotawanyika. Vingine havijui orodha, vinataka uwanja mmoja usiokatika.

Tena si kila kifaa kinaweza kufika kila mahali. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, kazi ya DMA ilifanywa na chipu ya Intel namba 8237. Ndani yake kihesabu cha anwani kilikuwa cha biti 16 tu, kwa hiyo bafa haikuruhusiwa kuvuka mpaka wa KB 64. Ikivuka, kihesabu kilirudi sifuri, na data iliyosalia ikaandikwa mwanzoni mwa eneo lilelile, juu ya chochote kilichokuwapo. Mwaka 1984 kompyuta ya IBM ya AT ikaongeza upeo hadi MB 16. Upeo huo ungali na alama yake: Linux kwenye mashine za Intel na AMD bado inalijua eneo maalumu la MB 16 za mwanzo, kwa ajili ya vifaa vya aina ile. Baadaye vikaja vifaa vya anwani za biti 32, ambavyo haviwezi kuona kitu chochote kilichopita GB 4.

Mtu angetarajia kwamba shida hii imekwisha zamani. Haikuisha. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayopendwa na wanafunzi wa uhandisi, ilitoka Juni 2019 ikiwa na RAM ya hadi GB 4, na vifaa vingi ndani ya chipu yake vilikuwa na uwezo wa kufikia GB 1 ya mwanzo pekee. Wahandisi wa Linux wakalazimika kuwatengenezea wenye chipu hiyo eneo maalumu la chini, yaleyale ya mwaka 1984 yakirudi katika mashine mpya. Data ikiwa juu ya upeo wa kifaa, mfumo endeshi huipitisha kwenye bafa ya katikati iliyo chini, kisha prosesa huinakili kwenda inakotakiwa. Linux kwa kawaida huweka MB 64 kwa kazi hiyo. Inafanya kazi, lakini ule unakili tuliokuwa tukiukimbia ndio tumerudi nao.

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu wa simu. Kamera ya simu ikipiga video ya 4K, picha moja ina nukta 3,840 kwa 2,160. Kwa mpangilio unaotumika sana kwenye video, ambapo kila nukta huchukua wastani wa baiti moja na nusu, picha hiyo moja ni zaidi ya MB 12, na kamera inahitaji kadhaa kwa pamoja ili wakati moja inajazwa, nyingine iwe inabanwa na nyingine inaonyeshwa kwenye kioo. Kama chipu ya kamera inataka uwanja usiokatika, hapo kuna kazi. Simu ikishakaa saa kadhaa, kurasa zilizo wazi zinakuwa zimetapakaa. RAM yaweza kuwa na nafasi tele kwa jumla na bado kusiwe na MB 12 zilizofuatana mahali popote.

Simu za Android za mwanzo zilitatua hilo kwa nguvu: sehemu ya RAM ilitengwa simu inapowaka, ikafungiwa kamera, video na modemu, na mfumo endeshi haukuigusa tena. Huo ndio "mfumo" unaosemwa na muuzaji. Mtu ambaye hajawahi kupiga video maisha yake yote alilipa kwa RAM yake kila siku. Kwenye simu ya bei ya juu hasara hiyo haihisiwi. Kwenye simu ya GB 1, na hizo ndizo zilizowaingiza watu wengi wa Afrika Mashariki kwenye intaneti, kila MB 50 iliyofungiwa ni programu moja inayozimwa kwa nyuma, ni ukurasa unaoanza kupakuliwa upya, ni bando linaloliwa mara mbili.

Julai 2012, Linux toleo la 3.5 ilitoka na njia nyingine, CMA, iliyotokana na kazi ya Michał Nazarewicz na Marek Szyprowski katika kituo cha utafiti cha Samsung nchini Poland. Nadhani ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika fani hii. Wewe unakijua kiwanja cha mjini ambacho mwenyewe hajaanza kujenga: jirani hupanda mchicha humo, akavuna, akauza, kwa sharti kwamba siku lori la matofali likifika, bustani inaondoka. Mchicha unaruhusiwa, mnazi hauruhusiwi. CMA hufanya hivyohivyo. Uwanja wa kamera hutengwa simu inapowaka, ila kamera ikiwa imelala, mfumo endeshi huukopesha kwa programu za kawaida, kwa data ile tu inayoweza kuhamishwa. Kamera ikifunguliwa, kurasa zinahamishiwa kwingine na uwanja unarudi mzima.

Mtego wake uko kwenye ule mnazi. Ikitokea draiva fulani ikaushikilia ukurasa mmoja ndani ya uwanja ule na kuukataza usihamishwe, uwanja wote umekatika, na kamera itaambiwa hakuna nafasi wakati nafasi ipo. Uhamishaji wenyewe pia unakula muda, kwa hiyo simu iliyojaa programu yaweza kuchelewa kufungua kamera. Kwa maoni yangu ucheleweshaji huo ni bei halali. Heri kusubiri kidogo siku unapopiga picha kuliko kunyimwa RAM mwaka mzima.

Hadi hapo nimezungumzia mahali pa kuipata bafa. Lakini ukiniuliza ni nini hasa kinachowashinda waandishi wa draiva, nitakwambia ni umiliki. Bafa ikishakabidhiwa kwa kifaa, ni mali ya kifaa mpaka irudishwe. Prosesa haina ruhusa ya kuigusa, hata kuchungulia.

Kwa nini hata kuchungulia? Kwa sababu prosesa haisomi RAM moja kwa moja. Huweka nakala za karibu katika kache, kwa mistari ambayo mara nyingi ni ya baiti 64. Kifaa kikiandika kwenye RAM, nakala iliyo kwenye kache yaweza kubaki ya zamani, na prosesa ikaisoma hiyo ikidhani ndiyo data mpya. Kwenye kompyuta za mezani za Intel na AMD, maunzi yenyewe huhakikisha kache na RAM zinakubaliana. Kwenye chipu nyingi za ARM, zile za simu na mashine ndogo, dhamana hiyo haipo kwa kila kifaa, na ni draiva inayopaswa kusema: sasa nakabidhi, sasa napokea. Linux ina maagizo rasmi ya makabidhiano hayo, na ndani yake hutajwa hata upande data inakoelekea, kwenda kwenye kifaa au kutoka huko. Mwandishi akiyaruka, draiva yake itafanya kazi vizuri mezani kwake, itapita majaribio yote, kisha itaharibika kwenye mashine ya mteja. Na haitaharibika kila mara. Itaharibika siku ya mzigo mkubwa, kwa baiti chache, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Hebu fikiria bafa ya baiti 20 iliyokaa kwenye mstari mmoja wa kache pamoja na kihesabu kidogo cha draiva. Kifaa kinaandika kwenye bafa. Wakati huohuo prosesa inaongeza moja kwenye kihesabu. Haijaigusa bafa hata kidogo, lakini mstari wote wa baiti 64 umebadilika ndani ya kache, na utakaporudishwa RAM utafuta kile kifaa kilichoandika. Sheria haikuvunjwa na mstari wowote wa programu utakaouona kwa macho. Kwa sababu hiyo Linux ya chipu za ARM za biti 64 ilikaa miaka mingi ikifanya jambo linaloonekana la ufujaji: draiva ikiomba baiti 8, inapewa nafasi ya baiti 128 peke yake, isije ikapakana na mtu. Ni gharama ya kununua usalama, na walioikubali walijua wanachokinunua.

Liko kosa lingine ambalo mimi naliona baya kuliko yote. Draiva imekiagiza kifaa kilete data, ikangoja, data haikuja. Muda umepita, draiva inakata tamaa na kuirudisha bafa kwa mfumo endeshi. Mfumo unazigawa kurasa zile kwa programu nyingine, tuseme ile inayotunza hesabu za duka. Halafu kifaa, ambacho hakuna aliyekiambia kiache, kinakamilisha kazi yake kwa kuchelewa na kuandika palepale kilipoagizwa. Hesabu za duka zimeharibika, na fundi atakayeitwa atachunguza programu ya hesabu, hatapata kosa. Dawa yake ni ya utaratibu tu: simamisha kifaa kwanza, hakikisha kimesimama, ndipo uirudishe bafa. Mpangilio huo usigeuzwe hata siku moja.

Kwamba waandishi huruka sheria hizi si dhana yangu. Mwongozo wa Linux kuhusu DMA, ulioandikwa na David Miller, Richard Henderson na Jakub Jelinek, umekataza kwa miaka mingi kutumia steki kama bafa ya DMA. Steki ni ile sehemu ndogo ya muda ambamo kila kazi huweka mambo yake ya papo kwa papo. Waandishi wa draiva nyingi, hasa za vifaa vya USB na vya kupokea televisheni, walitumia steki hata hivyo, kwa sababu ilikuwa karibu na ilikubali. Kisha Desemba 2016 Linux toleo la 4.9 ilibadilisha jinsi steki inavyowekwa kwenye mashine za Intel na AMD za biti 64, kazi ya Andy Lutomirski, ili steki ikifurika igunduliwe mara moja badala ya kuharibu yaliyo jirani. Steki ikawa na kurasa zilizotawanyika. Draiva zilizokuwa "zikifanya kazi" kwa miaka zikaanguka, moja baada ya nyingine, na watu wakalazimika kuzirekebisha. Wapo waliolaumu toleo jipya. Mimi nasema toleo jipya lilifanya hisani: lilifichua deni lililokuwa likikua.

Na suala la usalama lina uzito wake. Kifaa chenye ruhusa ya kuandika popote kwenye RAM ni kifaa chenye funguo za nyumba nzima. Mwaka 2004 Maximilian Dornseif alionyesha kwamba iPod iliyochomekwa kwa waya wa FireWire inaweza kusoma na kuandika RAM ya kompyuta. Kinga ipo, nayo ni maunzi yanayoitwa IOMMU, yanayokipa kila kifaa ramani yake, kione kurasa zake tu. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Cambridge, Rice na SRI International, katika kazi waliyoiita Thunderclap, walikuta mifumo endeshi mingi haikuiwasha kinga hiyo, na ilipowashwa bado kulikuwa na mianya. Mwanya mmoja ni wa ugawaji wa bafa kabisa: IOMMU hulinda ukurasa mzima wa KB 4, si baiti 1,500 za pakiti yako. Ukiweka bafa ya mtandao kwenye ukurasa mmoja na siri nyingine ya mfumo, umempa mgeni siri hiyo pamoja na pakiti yake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kazi hii imeanza kutufikia. Vijana wa Afrika Mashariki wanatengeneza mita za maji, vituo vya hali ya hewa, mashine za malipo na vifaa vya zahanati, na wengi hujenga juu ya Linux na chipu za ARM, mahali hasa ambapo umiliki wa bafa ni jukumu la mwandishi. Wakati huohuo, masomo mengi ya programu huishia kwenye tovuti na programu za simu, na mwanafunzi anahitimu akijua kumbukumbu kama kitu kinachojitunza chenyewe.

Kwa hiyo walimu wangu wa vyuo, naomba haya yaingie kwenye somo la mifumo endeshi, tena kwa vitendo. Hayahitaji maabara ya gharama. Mwongozo niliotaja ni wa bure na umo ndani ya Linux yenyewe. Linux pia ina chombo cha kukagua makabidhiano ya DMA, kilichoandikwa na Joerg Roedel na kuingizwa mwaka 2009. Ukikiwasha, kinakuambia bafa iliyosahaulika, iliyorudishwa mara mbili, au iliyokabidhiwa kutoka kwenye steki. Nawe kijana unayeandika draiva yako ya kwanza, kiwashe kabla hujamwonyesha mtu kazi yako, ijaribu draiva hiyo kwenye chipu ya ARM na si kwenye kompyuta yako pekee, na kila unapofika kwenye bafa, andika pembeni yake kwa sasa ni ya nani.